Mwaka Goroli Ilipoelea Mususa

Mama Kavira alikufa Jumanne, tukamzika jana Ijumaa, na leo nimefunga karakana yangu ya kutengeneza jenereta, jambo ambalo wateja wangu hapa Mususa, mtaa wa Butembo, hawakuliona hata siku ya harusi ya binti yangu. Mlangoni nimeandika kwa chaki kwamba nimefiwa. Ni kweli, ila si hilo tu. Nina hasira, na nalisema mapema ili msomaji asije akadhani namkalisha kusikiliza mwanamke wa makamo akikumbuka ujana wake kwa utamu. Mwanawe Mama Kavira, Kambale, alirudi kumzika baada ya miaka zaidi ya ishirini huko ng'ambo, ambako kazi yake ni kubuni mifumo inayoyafanya magari yasiyo na magurudumu yaelee juu ya reli kwa nguvu ya sumaku. Alisimama kando ya jeneza akasema maneno machache. Watu walilia. Na mimi nililia, hata bibi mmoja aliyeketi pembeni yangu akanishika bega kunifariji, nami sikumwambia nalilia nini. Maneno yale nitayaleta mwishoni, kwa sababu bila mwaka ule mmoja wa vita, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, ni maneno mazuri tu ya mtoto kwa mama yake.

Mwaka huo mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na askari wa kigeni walipita barabarani kana kwamba barabara waliichonga wao. Nusu ya shule yetu ya ufundi ilikuwa imechukuliwa. Askari walilala katika darasa la useremala na kuchemshia chai yao kwa mbao za madawati yetu, na sisi wa sehemu ya umeme tulisongamana katika chumba kimoja chenye ubao uliopasuka katikati. Mwalimu wetu, mhandisi, aliitwa Ingénieur Kasereka. Alikuwa amesoma Ulaya miaka mingi, akarudi kumzika baba yake, na vita ikamfungia njia. Alivaa koti lile lile la kijivu kila siku na alifuta ubao kwa kiwiko. Siku moja alichora gari la moshi lisilo na gurudumu hata moja, likiwa limeikumbatia reli yake bila kuigusa, na nafasi kati yake na reli ikiwa unene wa kidole. Sisi tuliokuwa tukisubiri chumvi wiki nzima kwa sababu malori yamezama kwenye tope upande wa Kanyabayonga tulielewa mara moja thamani ya gari lisilogusa barabara. Mmoja wa nyuma akauliza, "Ingénieur, ile train inaweza kufika Kanyabayonga?" na Ingénieur akajibu bila kucheka, "Ile train, ndiyo. Ni reli njo itaibiwa," yaani reli ndiyo itakayoibiwa.

Kisha akatueleza ugumu wake, na mimi nikaushika ugumu huo kwa roho yote, nadhani kwa sababu siku zile kila kitu kingine kilichokuwa kigumu hakikuwa na jibu. Ukiining'iniza goroli ya chuma chini ya sumaku ya umeme, kuna mambo mawili tu yanayoweza kutokea. Ikiwa mbali kidogo, inaanguka. Ikiwa karibu kidogo, inairukia sumaku na kung'ang'ania. Hapo katikati hakuna pa kukaa. Ili ikae hewani, lazima awepo wa kuongeza umeme kila inapotaka kushuka na kuupunguza kila inapotaka kupanda, upesi kuliko mkono wa mtu. Huyo wa kuongeza na kupunguza ndiye aliyetaka tumjenge kwa waya na vipande vya redio zilizokufa. Treni nzima, alisema, ni goroli hiyo hiyo iliyowekewa viti. Akauliza nani anataka kujaribu. Nilinyoosha mkono mimi, na Kambale akanyoosha wa kwake baada ya kuona wangu.

Kambale nilimpenda. Si kwa mapenzi ya kuoana, ingawa watu walisema hayo. Nilimpenda kama unavyompenda mtu ambaye ukicheka anajua unacheka nini. Alikuwa na mikono ya ajabu. Aliweza kuzungusha waya wa shaba kwenye bolti ya lori, mzunguko juu ya mzunguko, bila kupandanisha hata mmoja, huku akisimulia mpira. Waya tuliutoa kwenye jenereta iliyoungua, bolti tuliipata kwa makanika, na goroli ilitoka kwenye beringi ya lori. Tulifanyia kazi nyumbani kwa mama yake kwa sababu jirani yake alikuwa na kinu cha kusagia mihogo, na mwenye kinu alituchajia betri ya gari. Chumba cha mbele kilikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, picha ya Bikira Maria, na magunia ya maharage ambayo Mama Kavira aliyaleta kutoka Kalunguta kuuza sokoni. Meza yetu ilikuwa dirishani. Chuma cha kulehemu hatukuwa nacho cha umeme, kwa hiyo tulichoma fimbo ya shaba kwenye mbabula, jiko lake la makaa, tukakimbia nayo mezani kabla haijapoa. Kwa ajili hiyo mwaka mzima tulikuwa tukiingia na kutoka jikoni kwake, na kila tulipoingia alitupa kitu cha kula. Mwisho nilikuwa na sahani yangu pale, ya bati, yenye ua jekundu.

Mtambo wenyewe ni rahisi kuueleza. Upande mmoja wa goroli tuliweka taa ya tochi, upande wa pili kidude kidogo kinachopitisha umeme zaidi kikipata mwanga. Tulikiita jicho. Goroli ikipanda, kivuli chake kinaziba jicho, na umeme wa sumaku unapungua. Ikishuka, jicho linapata mwanga, umeme unaongezeka. Kwenye daftari langu hesabu zilikubali. Mezani hazikukubali. Goroli ilishikwa, ikaanza kutetemeka, mtetemo ukakua, kisha ikaanguka kwenye sahani ya bati tuliyoitandika chini. Tulibadilisha jicho, tulibadilisha transista, tulizungusha koili upya mara tatu. Iliendelea kutetemeka na kuanguka. Mama Kavira alikuwa akipita na gunia lake, anasimama, anaangalia. "Kile kitu yenu kiko na malaria," alisema. Kambale alicheka. Mimi nilikuwa karibu kulia, kwa sababu nilishaanza kuamini kwamba kama goroli ile itasimama, basi kuna kitu katika nchi hii kinachoweza kusimama, na kwamba mimi ndiye nitakayekuwa nimekisimamisha. Ujana una majivuno yake.

Jibu lilikuja mchana mmoja wa mvua. Mtu fulani alikuwa amemletea Mama Kavira maziwa kutoka Lubero, naye alikuwa akiyachemsha huku akiongea na jirani yake juu ya bei ya chumvi. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya mbabula nikisubiri fimbo ya shaba iwe nyekundu, na Kambale alisimama mlangoni. Maziwa yalikuwa bado chini kabisa ya sufuria. Mama Kavira, bila kuacha kuongea, aliinua sufuria akaiweka pembeni, na papo hapo povu likapanda mpaka karibu na ukingo, likasimama, likashuka. Aliirudisha. Mara ya pili maziwa yalipanda juu sana lakini polepole, karibu kumwagika, na yeye hakuyagusa. Aliyaacha yakashuka yenyewe. Nilisahau fimbo. Nilimwambia Kambale, na nakumbuka kila neno kwa sababu baadaye niliyaandika kwenye daftari kama nilivyoyatamka: "Kambale, ni hapa njo tunakosea. Hapana kuangalia iko wapi. Angalia inaenda wapi, na mbio gani." Alinikazia macho. Nikamweleza kwamba jicho letu linajua goroli iko wapi tu, kwa hiyo kila likijibu limeshachelewa. Goroli iliyo mahali pake lakini inapanda kwa kasi inahitaji kuzuiwa sasa hivi, na goroli iliyo juu lakini inarudi yenyewe inahitaji kuachwa. Mama Kavira aligeuka akauliza tunagombana nini. Nilimwambia ametufundisha. Akacheka, akapangusa mikono kwenye kitenge chake. "Mie sifundishe mutu," alisema. "Mie naangalia paka maziwa yangu," yaani maziwa yake tu.

Nilitoa kapasita kwenye redio yake iliyokufa. Kapasita ina tabia moja nzuri: kitu kikitulia, inanyamaza, na kikibadilika ghafla, inapiga kelele. Nikaiweka kando ya rezista iliyotoka kwenye jicho, ili sumaku isikie mambo mawili badala ya moja, yaani goroli iko wapi na inakwenda kasi gani. Ilinichukua wiki mbili kupata kiasi. Siku iliposimama tulikuwa tumeshaitwa kula, obundu, ugali wetu wa mihogo, na sombe ya majani ya mihogo vilikuwa vinapoa, na Kambale aliipandisha goroli kwa vidole viwili, akaachia, akabaki na vidole wazi hewani. Haikutetemeka. Ilikaa pale, chini ya bolti, bila kugusa kitu chochote duniani. Mama Kavira alikuja na kijiko mkononi. Alichukua bahasha, akaipitisha taratibu kati ya bolti na goroli ili ahakikishe hakuna uzi, kisha akafanya ishara ya msalaba. Kambale alinikumbatia mpaka mbavu zikauma. "Masika, weye njo kichwa," alisema. "Mie niko mikono tu." Hayo aliyasema mwenyewe, mbele ya mama yake, na sombe ikala vumbi la kulehemu siku hiyo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuifunika.

Kabla ya mwisho wa mwaka wa shule Ingénieur alitujia na habari. Wageni wa chuo kikuu kimoja cha nje walikuwa wanafika Beni kwa ndege, wangekaa siku mbili, na wangemchukua mwanafunzi mmoja kutoka eneo letu lote kwenda kusomea hasa jambo hili, udhibiti wa magari yanayoelea kwa sumaku. Mmoja. Yeye Ingénieur alipata nafasi mbili kwenye lori la mihogo, yake na ya mtu mmoja. Vizuizi vya askari kati ya Butembo na Beni vilikuwa vingi, na yaliyowapata wasichana kwenye vizuizi siku zile yalijulikana na kila nyumba. Hakuna aliyenikataza kwa ukali. Nyumbani waligeuza mazungumzo tu nilipotaja kwenda, na nikaelewa. Angekwenda Kambale na sanduku la mtambo, pamoja na daftari langu.

Hapa inabidi nieleze kosa langu, kwa sababu nadhani ni sisi wa Butembo tu tungeweza kulifanya. Wafanyabiashara wetu, hata katika vita ile, walikwenda mpaka Dubai na Uchina kwa namna hii: watu kumi wanakusanya haja zao, wanamchagua msafiri mmoja, na msafiri huyo ananunua kila kitu kwa jina lake. Kwenye karatasi za mipaka mwenye mali ni mmoja. Mali ikifika, inafunguliwa sebuleni kwa mtu, na kila mmoja anachukua furushi lake. Hapaandikwi kitu kati yao, na anayetaka paandikwe anaonekana ameshaanza kuwashuku wenzake. Nilikulia katika utaratibu huo na sikuwahi kuona umeharibika. Kwa hiyo Kambale alipoikunjua fomu ya wageni pale mezani, akasema, "Iko nafasi ya jina moja. Niandike ya nani?" jibu langu lilitoka kabla sijafikiri. "Andika yako. Ni weye unasafiri. Tutagawana nyumbani." Mama Kavira alikuwa chini kwenye mkeka akichambua maharage. Mkono wake ulisimama. "Masika," alisema, "bongo haiko kitenge ya kugawana." Tulicheka sisi wawili, mama mzee wa watu na wasiwasi wake. Kambale akaandika jina lake kwa herufi nzuri kubwa.

Alirudi siku ya nne, mwekundu kwa vumbi, na alipoingia sebuleni alisema neno moja: "Tumepata." Nilikaa chini sakafuni. Alitusimulia huku akila, na alisimulia vizuri kama kawaida yake, jinsi askari kwenye kizuizi walivyofungua sanduku na kudhani ni bomu, na jinsi alivyolazimika kuunganisha nyaya kwenye betri ya lori na kuifanya goroli ielee mbele ya bunduki. Mkubwa wao aliuliza kwa Lingala, "Petit, oyo nkisi?" akitaka kujua kama ni uchawi, na Kambale akamjibu kwamba ni masomo, na yule askari akasema ni afadhali ingekuwa uchawi, maana uchawi anaujua. Tulicheka mpaka mama yake akatoa machozi. Kila sentensi ya Kambale ilianza na "tu". Tulifika, tuliwaonyesha, walitupigia makofi. Kwa siku nne niliishi ndani ya hiyo "tu" kama ndani ya nyumba. Niliwaza kwamba atakwenda yeye kwanza, kisha ataniandikia, wageni watanijua, mlango ulioachiwa mmoja utafunguka kwa wawili. Sikuwa mjinga. Nilikuwa nasubiri furushi langu lifunguliwe.

Siku ya tano nilikwenda kuchukua daftari. Nilipita mlango wa nyuma kama siku zote, Mama Kavira hakuwepo jikoni, na kwenye mbabula palikuwa na maharage. Nilijipakulia kwenye sahani yangu yenye ua, nikaketi. Ukuta kati ya jikoni na sebule ulikuwa wa mbao, na mbao zilikuwa zimeachana. Nikasikia sauti ya Ingénieur Kasereka, ya chini, ya mtu anayeungama.

"Balimuuliza: ile wazo ya kapasita, ile ya kupima mbio, ilitoka wapi? Kambale akasema: ni mie. Bakamuuliza tena: ulifanya peke yako? Akasema: peke yangu."

"Na weye, Ingénieur?" Sauti ya Mama Kavira.

"Mie nilinyamaza. Mama, nafasi ni moja. Ningesema ni batoto babili, bangeona mambo haieleweke, bangechukua mutoto wa fasi ingine, wa muji ingine. Heri mumoja aende kuliko hapana mutu."

"Na daftari? Ile daftari iko na mwandiko ya Masika."

"Aliikopia," Ingénieur alisema. "Camion ya mihogo iliharibika ku Kalunguta, tukalala pale. Asubui nilimukuta chini ya muti na daftari mupya, anakopia. Nilizani anajifunza."

Kalunguta ni kabla ya Beni. Kabla ya wageni, kabla ya swali lolote, kabla ya hofu ya kuulizwa ambayo ningeweza kumsamehe, alikaa asubuhi chini ya mti akayahamisha mawazo yangu kutoka mwandiko wangu kwenda mwandiko wake, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na maziwa. Mimi niliyegundua kwamba haitoshi kujua kitu kiko wapi, nilikuwa nimemtazama Kambale mwaka mzima na kujua tu kwamba yuko kando yangu. Sikuwahi kutazama anaelekea wapi. Mama Kavira alipoingia jikoni akanikuta, hakujifanya haelewi. Alichukua sahani mikononi mwangu, akaiweka chini, akakaa kwenye kigoda mbele yangu mpaka maharage yakaanza kuungua.

Kambale nilimwona mara moja tu baada ya hapo, asubuhi ya kuondoka, kwenye kituo cha malori. Alikuwa na viatu vipya na sanduku la nguo. Nilimuuliza kama ni kweli. Aliangalia huku na huku, kisha akasema taratibu, "Masika, ni vile tuliongea. Jina moja." Nikamwambia tuliongea vitu viwili, jina moja na kugawana nyumbani. "Nitarudi," alisema. "Tutagawana. Unanijua." Dereva akapiga honi. Akapanda juu ya magunia, akanipungia mkono, na nitakiri aibu yangu: nilimpungia pia. Mkono uliinuka wenyewe. Ingénieur Kasereka alisimama pembeni na koti lake la kijivu akinitazama viatu, na muhula uliofuata hakunipangia tena kazi yoyote ngumu, nadhani kwa sababu hakuweza kukaa chumba kimoja na mimi nikifikiri. Niliacha shule kabla ya Pasaka. Hakuna aliyenifukuza.

Ilipofika mavuno, Mama Kavira alikuja kwetu na kikapu cha viazi vya Kalunguta. Hakutaka kuingia ndani. Alinikabidhi kikapu mlangoni, kizito kuliko viazi, na akaniambia nikimimine mwenyewe. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, lilikuwamo daftari langu.

"Nilikuta chini ya kitanda yake," alisema. "Mie sijue kusoma. Lakini najua mwandiko ya mutu mwenye alikuwa anakula kwangu."

Nilimuuliza nifanye nini nalo.

"Utasema. Uko na haki ya kusema. Lakini siku nitakufa, Masika. Nikiwa muzima, hapana. Ni mutoto wangu. Nitaenda aje ku misa?"

Nilikubali. Sijui kama ningemkubalia mtu mwingine yeyote. Tangu siku hiyo, kila mavuno, zaidi ya miaka ishirini, alileta kikapu cha viazi, nami nilikirudisha na sukari au sabuni au redio yake iliyotengenezwa, kwa sababu kwetu kikapu cha mtu hakirudishwi kitupu. Hatukutaja jina la Kambale. Alipotuma picha amesimama kando ya gari jeupe lenye pua ndefu, kwenye reli iliyoinuliwa juu ya nguzo, mama yake hakunionyesha. Niliiona ukutani kwake siku nilipokwenda kumtengenezea taa. Nilijenga maisha yangu kwa kapasita ile ile. Jenereta za mji huu zinapotetemesha umeme, watu huniletea, na mimi huwatengenezea kidude kinachosikia umeme unakoelekea kabla haujafika. Ninaishi vizuri. Sisemi haya ili nionewe huruma, nasema kwa sababu niliibiwa, na kuishi vizuri baadaye hakufuti neno hilo.

Sasa nirudi jana. Kambale amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe, na Kiswahili chake kina kutu kidogo. Alisimama kando ya jeneza. "Mama yangu hakusoma," alisema. "Lakini yote mie najua, nilijifunza ku jikoni yake. Siku moja alikuwa anachemsha maziwa, akaniambia: Kambale, hapana kuangalia iko wapi. Angalia inaenda wapi, na mbio gani. Na ile neno moja ya mama njo ninajengea magari ya dunia mpaka leo." Wanawake walipaza kilio. Padri alitikisa kichwa kwa kukubali. Mimi nilimtazama yeye, na yeye alitazama jeneza. Baada ya maziko alinifuata, akanishika mikono yote miwili. "Masika," alisema, "unakumbuka ile maziwa?" Nikamwambia nakumbuka. "Mama alikuwa anakupenda sana," akasema, akaitwa kwenda kula na wakubwa, akaenda.

Nimelala nikilifikiria jambo hilo na nimeamka nalo. Wizi wa kwanza ningeweza kuueleza kwa vita, kwa ujana, kwa nafasi moja iliyotupwa kati ya watu wengi wenye njaa. Huu wa jana sina cha kuueleza nao. Pengine amezeeka na jina lake limekuwa zito kulibeba peke yake, akatafuta pa kuliegemeza. Lakini ameliegemeza juu ya mtu yule yule aliyeujua ukweli, na sasa nikifungua mdomo nitaonekana nabishana na marehemu ambaye udongo wake haujakauka. Aliniahidi pale kwenye kituo cha malori kwamba akirudi tutagawana nyumbani. Amerudi, na kweli amegawa, mbele ya watu wote. Fungu langu amempa mama yake, aliyelikataa akiwa hai.

Kikapu chake cha mwisho bado kiko hapa karakanani. Alikileta mwezi uliopita, akitembea kwa fimbo, na sikuwahi kukirudisha. Mrithi wake ni Kambale, na kesho asubuhi anasafiri kupitia Beni. Kabla hajapanda gari nitampelekea kikapu cha mama yake. Juu nitaweka viazi, na chini, ndani ya mfuko wa plastiki, karatasi hizi nilizoandika leo. Daftari lenyewe halisafiri.